Kidudu cha madoa mawili kwenye mahindi: simu inasema ni cha Amerika. Nani anakijua?

BabaZulekha (Muheza) · Jumanne, saa 2:14 usiku

Wakuu salaam. Kwanza niseme kabisa: ushauri wa "piga dawa" ninao wa kutosha, nimepewa na watu wanne tangu Jumapili. Ninachotafuta ni jina.

Nina ekari moja na nusu ya mahindi ya vuli, barabara ya kupanda Amani. Nilichelewa kupanda. Trekta ya kukodi ilinizungusha wiki tatu nzima, mahindi ya majirani yamefika magotini mimi ndiyo kwanza nafukia mbegu. Yangu yalipofikisha majani sita au saba, jani jipya likawa linatoka na vidoa vyeupe, kama mtu kanyunyiza chumvi. Siku chache baadaye vidoa vikaungana kufuata mishipa, jani zima likawa la punda milia. Majani ya chini, yale yaliyotangulia, hayana kitu. Nimehesabu mashina 200, na 46 yana milia. Mengi yako upande unaopakana na kichaka cha nyasi.

Asubuhi kabla jua halijakaza, ukipita kwenye mistari kuna vidudu vinarukaruka. Vinatembea ubavuubavu kama kaa. Ukikikaribia kimoja kwenye jani, kinazunguka upande wa pili kama mtoto anayekuchungulia nyuma ya mlango. Nikachukua chandarua kilichotoboka, nikakishona kwenye waya, nikafagia nacho juu ya majani. Nimepata 31. Wamelala kwenye friza ndani ya kopo la vidonge, katikati ya barafu za ubuyu anazouza mke wangu. Wateja wasijue.

Kwa rula ya mtoto ni milimita tatu na ushee. Rangi ya majani makavu, mabawa yanaonyesha ndani, na kichwani kati ya macho kuna madoa mawili meusi ya duara, kama kazaliwa na macho ya akiba. Nikapiga picha kupitia lenzi, nikaiuliza programu ya simu. Ikajibu bila haya: Dalbulus maidis, asilimia 91. Nikafuatilia, kumbe ni mdudu wa Amerika, yule aliyewatia hasara wakulima wa Ajentina msimu wa 2023/24.

Kosa langu ni kwamba nikairusha kwenye kundi letu la WhatsApp. Ndani ya saa moja habari ikawa "mdudu wa Marekani ameingia Muheza". Mmoja akakumbusha viwavijeshi vamizi walivyotukuta, mwingine akaanza kutangaza bei ya dawa. Moto nimeuwasha mwenyewe. Sasa mwenye kujua aniambie: huyu ni mgeni kweli, au ni wa hapahapa na simu imemsingizia? Na mtu mwenye lenzi ya shilingi elfu kumi na tano atamtambuaje kwa uhakika?

MzeeWaPampu · saa 3:02 usiku

Mkuu, jina la mdudu halijazi gunia. Kachukue pampu.

BabaZulekha · saa 3:10 usiku

Mzee wangu, mstari wa kwanza umeuruka. Halafu niambie, yale mashina 46 yatapona nikinyunyiza?

MzeeWaPampu · saa 3:11 usiku

Hayaponi. Ila roho inatulia.

Bi_Hadubini · Jumatano, saa 4:40 asubuhi

Mwanangu BabaZulekha, mimi nimestaafu. Miaka 27 nimefuga wadudu wa aina hii kwenye vizimba, nikiwalisha miche ya uwele, na ninayemdhania kuwa wako, Cicadulina, nimemlea kwa maelfu. Kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Simu yako haikupumbaa sana. Imeona alichokiona kila mtu, madoa mawili kichwani, ikachukua jina la mdudu mwenye madoa mawili mwenye picha nyingi zaidi. Dalbulus wa Amerika naye anayo, naye anakaa kwenye mahindi, na wanasayansi wamewaweka wote wawili kwenye kundi moja linaloitwa Macrostelini. Ni ndugu wa ukoo, kila mmoja na bara lake. Yule Dalbulus hajulikani kuishi Afrika. Na magonjwa makubwa anayoeneza huko kwao yanadumaza mmea na kuyafanya majani yawe mekundu. Upo mmoja tu, wa virusi vya rayado fino, unaoanza na vidoa vinavyoungana kuwa milia, nao ni wa hukohuko Amerika. Ulichoeleza wewe, jani jipya kuugua na majani ya zamani kubaki safi, ni ugonjwa wa virusi uitwao milia ya mahindi, uleule ulioandikwa kule Natal, Afrika Kusini ya leo, mwaka 1901 na Claude Fuller. Virusi hao wanasafirishwa na vidudu vya jenasi Cicadulina, na hao ni wa Afrika.

Lakini usikurupuke kama simu. Hujui bado kama hao 31 ni wamoja. Nakuhakikishia si wamoja. Chandarua hakichagui.

Wamwage kwenye sahani nyeupe, chukua lenzi, anza na mguu wa nyuma. Tazama muundi. Kama una miiba mingi iliyopangwa kwa safu kama meno ya kitana, huyo ni wa familia Cicadellidae, wale ambao mabwana shamba wa pamba wanawaita chawa-jani. Kama muundi hauna safu hizo, ila mwishoni umeota kitu kipana kinachochezacheza kama kipi cha jogoo, huyo ni wa familia nyingine, Delphacidae. Kwenye mahindi mara nyingi atakuwa Peregrinus maidis, naye anaeneza virusi vyake vingine kabisa. Watu huwachanganya kila siku. Njia ya pili ni vipapasio: wa kipi cha jogoo vinaota chini ya jicho, ubavuni, na vina shina nene. Chawa-jani ana unywele tu, mbele ya uso.

Ukikuta mweupe pepe mkubwa, mara mbili au tatu ya wengine, naye ana doa jeusi kichwani, huyo atakuwa Cofana. Ni mkaaji wa mpunga na nyasi. Muweke pembeni.

Watakaobaki ni wadogo wa njano wenye madoa mawili. Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo wanapokosea. Cicadulina wana spishi ishirini na kitu, na karibu wote wana madoa hayo. Si zote zinazobeba milia, na hata zinazobeba hazilingani uwezo. Rangi inabadilika, urefu vilevile. Mtafiti Rose, aliyewachunguza huko kusini mwa Afrika miaka ya 1970, alikuta wanaoruka safari ndefu ni wafupi wa mwili kuliko wenzao wa spishi hiyohiyo. Ukitumia rula kumpa mdudu jina utamtenga ndugu na nduguye.

Jina la Cicadulina liko kwenye mkia wa dume. Ndiyo maana majike, hata ukikamata mia, unabaki na jenasi tu. Mgeuze mdudu chali. Jike ana kifaa cha kutagia, chembamba kirefu, kimelala katikati kama upanga ndani ya ala. Dume hana upanga, ana vibamba viwili vya pembetatu vimefunga mwisho wa tumbo. Tenga madume, kisha urudi hapa.

Wanjala_Bungoma · saa 6:15 mchana

Shikamoo mama. Huku Bungoma tunao hao wa madoa mawili tangu nikiwa mtoto, hakuna aliyewahi kuwaita Wamarekani. Swali: ndio walioleta ule ugonjwa wa mahindi kukauka kuanzia katikati, uliotokea Bomet 2011?

Bi_Hadubini · saa 6:50 mchana

Marahaba. Hapana, ule ni mwingine. Ule unataka virusi wa aina mbili wakutane kwenye mmea mmoja: mmoja analetwa na vithripi na mbawakawa wadogo, mwingine na vidukari. Cicadulina usimtwishe mzigo usio wake, wa kwake unamtosha.

BabaZulekha · Jumatano, saa 1:30 usiku

Shikamoo mama. Nimetumia meza ya chakula, taa ya simu, na uvumilivu wa mke wangu.

Hesabu ni hii. Wanne wana kipi cha jogoo, na baada ya kukiona mara moja huwezi kukisahau, kinaning'inia mguuni waziwazi. Wawili ni weupe wakubwa. Watano ni vijitoto visivyo na mabawa kamili, sijui niwaweke wapi. Waliobaki 20 ndio wa madoa mawili. Wenye upanga 11, wasio nao 9.

Kwa hiyo programu ilinipa jina moja kwa kundi lenye familia mbili angalau. Na asilimia 91.

Sasa huo mkia nauonaje? Kwa lenzi naona vibamba tu.

Bi_Hadubini · Jumatano, saa 3:05 usiku

Marahaba baba. Hao vijitoto ni matunutu. Waache. Wanajivua gamba mara tano ndipo wanakuwa wakubwa, na kabla ya hapo hawana cha kukuonyesha. Ila ujue tunutu aliyefyonza mmea mgonjwa anabaki na virusi hata akijivua gamba, anaingia nao utu uzima. Mayai ndiyo hayarithi. Kila kizazi kinauchukua upya kwenye jani.

Mkia hauonekani kwa sababu umejaa nyama. Kazi ni kuiyeyusha nyama na kubakiza gamba. Maabara tulitumia potasiamu haidroksaidi. Wewe nenda kwa kina mama wanaotengeneza sabuni, omba kijiko cha kostiki soda. Gramu kumi kwenye mililita mia ya maji, na soda ndiyo inayoingia kwenye maji, usimwagie soda maji ikakurukia. Vaa glavu, watoto walale kwanza. Kata tumbo la dume kwa ncha ya sindano, liloweke usiku kucha bila moto. Asubuhi likiwa wazi kama kioo lisuuze kwa maji yenye tone la siki, kisha liweke kwenye tone la gilisirini, ileile ya kupaka miguu. Gilisirini ni nzito, kidude kitakaa unapokiweka.

Kilichobaki cha mdudu, kichwa na mabawa, usitupe! Kila tumbo na mwili wake kwenye kichupa kimoja, na namba moja. Nimeona kazi ya miezi ikiharibika kwa sababu mtu alichanganya vichupa viwili. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Ukisubiri usiku huo nikusimulie jambo, kwa kuwa uko njia ya Amani. Kidudu hiki kiliandikwa mwaka 1924 Afrika Kusini na Naudé, akakiita Balclutha mbila. Wazulu mahindi wanayaita ummbila. Mwaka 1926 mtaalamu mmoja wa London aitwaye China (ni jina la mtu, msiniulize) akaunda jenasi Cicadulina, na mbila akahamishiwa humo. Ndiyo maana leo jina la Naudé linaandikwa ndani ya mabano: Cicadulina mbila (Naudé). Mabano yanakwambia aliyempa jina alimweka nyumba nyingine.

Sasa Amani. Kituo kile cha utafiti cha mlimani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kilikuja kumpokea mtafiti H. H. Storey, ambaye alishaonyesha huko Afrika Kusini kwamba mbila ndiye mbeba milia. Akiwa Amani akagundua jambo la ajabu: wadudu wa spishi hiyohiyo, wengine wanaambukiza na wengine hata uwalaze kwenye jani gonjwa hawaambukizi kitu. Akawatenga koo mbili, akawazalisha, akawachanganya, na mwaka 1932 akatangaza kuwa uwezo huo unarithiwa, tena kwa njia inayofuatana na jinsia. Mwaka uliofuata akaeleza kwamba ukimtoboa utumbo kwa sindano nyembamba yule asiyeambukiza, anaanza kuambukiza. Kizuizi kilikuwa kwenye ukuta wa utumbo. Hebu fikiria mkono wa mtu anayetoboa utumbo wa mdudu wa milimita tatu na mdudu akaendelea kuishi. Mimi nimejaribu. Wangu walikufa.

Huyo China baadaye, 1936, aliipa spishi nyingine ya jenasi hii jina la Storey: Cicadulina storeyi. Nayo inabeba milia. Kwa hiyo unaona kwa nini nakusumbua na mkia.

MzeeWaPampu · saa 3:20 usiku

Mama naomba kuuliza kwa heshima. Kama ni wa kwetu siku zote, mbona zamani hatukuwa na shida hii?

Bi_Hadubini · saa 3:41 usiku

Zamani ipi, mdogo wangu? Kidudu na virusi walikuwa wanaishi kwenye nyasi za porini kabla mahindi hayajavuka bahari. Mahindi ndiyo yaliyotoka Amerika, karne ya 16. Hapa mgeni ni muhindi, na jina lenyewe limemtaja kuwa mgeni, ingawa limekosea alikotoka. Mwenzetu kapakana na kichaka, kachelewa kupanda, majirani mahindi yao yamekomaa majani, vidudu vikahamia kwenye machanga. Hiyo ndiyo shida, na iko kila mwaka wa namna hiyo. Kwa msimu ujao, kuna mbegu zilizotolewa kwa kuvumilia milia. Staha na Kilima ST zina miaka mingi, hiyo ST ndiyo maana yake. Ila yeye hakuuliza hilo, tumwache na mkia wake.

BabaZulekha · Ijumaa, saa 12:50 asubuhi

Mama, tumbo la kwanza limeyeyuka lote. Nilidhani soda ya moto itaharakisha. Nimebaki na ukoko na aibu. Nane bado wapo.

Nimeambatanisha picha ya namba 2, 3 na 5. Namba 3 imetoka vizuri kidogo, nimeweka simu kwenye jicho la hadubini ya shule ya sekondari ya hapa jirani. Mwalimu wa baiolojia alinifungulia saa kumi na moja alfajiri, akakaa naye tukatazama wote. Kuna kitu cha kahawia kimepinda, kama ndoano ya kuvulia. Ndicho chenyewe?

Bi_Hadubini · Ijumaa, saa 2:20 asubuhi

Nilisema bila moto. Haya.

Ndicho. Huo ndio uume, na vile viambata vya ubavuni kwenye pingili ya mwisho ndivyo vya kulinganisha nao. Kwa picha namba 3 nakubali kwa moyo mmoja: Cicadulina. Dalbulus hayumo. Ukitaka kuzima ule moto wa WhatsApp, hilo unaweza kulisema leo.

Spishi siwezi. Umekilaza kifudifudi, nakiona kutoka juu, na umbo linalotofautisha linaonekana kutoka ubavuni. Kisukume kwa unywele wa brashi ndani ya gilisirini mpaka kisimame upande. Piga mbili: moja ubavuni, moja nyuma. Na namba 5 kirudie, kwa macho yangu kiambata chake hakifanani na cha namba 3. Inaweza kuwa pembe ya picha. Inaweza isiwe.

BabaZulekha · Jumapili, saa 11:15 jioni

Nimewasimamisha wote nane. Unywele wa brashi haukufaa, nimetumia kope. Ya kwangu.

Picha 16 ziko chini, kila namba mbili. Namba 5 na 8 mimi naona zinafanana zenyewe kwa zenyewe na hazifanani na zile sita. Sikutaka kusema kabla mama hujaona.

Bi_Hadubini · Jumapili, saa 3:30 usiku

Nimetoa fotokopi yangu ya michoro ya Webb ya kutofautisha spishi za Cicadulina, ya mwaka 1987, imechakaa mikunjo ila inasomeka. Nimeweka picha zako pembeni moja moja.

Namba 1, 2, 3, 4, 6 na 7: Cicadulina mbila. Hapo sina wasiwasi.

Namba 5 na 8: umeona sawa. Ni Cicadulina, si mbila. Zinaelekea upande wa storeyi, lakini kwa picha za simu sitatia saini. Hizo ziende kwa mtu mwenye sampuli za kulinganisha mkononi. Kuwa na spishi mbili kwenye shamba moja ni kawaida, na ukifagia kwenye kile kichaka usishangae ukapata ya tatu.

Majike 11 usiyape jina. Andika "Cicadulina, majike", basi. Usiseme "lazima ni mbila kwa kuwa walikuwa pamoja". Umeshaona waliokuwa pamoja.

Watoe wote kwenye friza, watie kwenye spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa. Ile ya buluu hapana, inatia rangi. Gongo pia hapana, najua kuna atakayeuliza. Ndani ya kila kichupa weka kikaratasi: wilaya, kijiji, tarehe, mwinuko kama unao, "mahindi, kwa kufagia", na jina la aliyekamata. Kwa penseli. Wino unayeyuka kwenye spiriti, kisha una mdudu mzuri asiyejulikana alikotoka, na huyo hana faida kwa mtu yeyote.

MzeeWaPampu · saa 3:44 usiku

Mimi nilikuwa naenda kuuliza kuhusu gongo.

BabaZulekha · Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Asante sana mama. Nimefuta ile ya kwanza kwenye kundi, nimeandika upya: ni wa hapahapa, jina mbila, na wengine wawili bado wanachunguzwa. Watu wawili wamenipongeza, mmoja amesema nimehongwa.

Vichupa nane nimeandika kwa penseli. Mwalimu ameomba namba 2 abaki naye shuleni awaonyeshe kidato cha tatu, nimempa, na kikaratasi chake ndani. Jumamosi nafagia kichaka.

Bi_Hadubini · saa 1:05 asubuhi

Fagia asubuhi, umande ukishakauka. Na kichaka kiwe na kopo lake.